Mabano

Kazi yangu ni masikio na vidole.
Miaka kumi na saba nimekaa chini ya sauti zao
nikichapa taarifa rasmi, neno kwa neno,
na kwenye mabano naweka kile ambacho si neno:
(Makofi). (Kicheko). (Vigelegele).

Damari Chidumizi nilimchapa mara ya kwanza
mwezi wa pili, uwele wa Chinyika ukifika magotini.
Aliuliza kisima. Kimoja tu.
"Mheshimiwa" ilimkwama kooni,
mwalimu wa darasa la tatu aliyezoea kuamkiwa yeye.
Mabano yake siku hiyo: hakuna.

Akajifunza. Nani hajifunzi?
Kufikia bajeti ya tatu, shukrani zilimla
dakika saba katika kumi:
chama, viongozi wa chama, mume, wapiga kura,
na kisima, kama nafasi ilibaki.
Naunga mkono hoja, mia kwa mia.
(Makofi)
Nilizoea kuyachapa kabla hayajapigwa.

Akapewa unaibu waziri. Gari, dereva,
kitenge cha chama kilichoshonwa Uhindini, mabega juu.
Akavuliwa baada ya miezi kumi na minne,
kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku,
akiwa jikoni anachambua mlenda.
Hili nalisema kwa sababu watu wake hawalisemi.

Halafu mwezi wa sita, Makadirio ya Maji.
Waziri anasoma jedwali la visima vilivyokamilika,
ukurasa wa themanini na mbili, mstari wa tisa:
Chinyika, kimoja, kinatoa maji.

Damari akasimama. Hakushukuru mtu.
"Juzi nimelala Chinyika, Mheshimiwa Spika.
Nimeteremsha kamba kwenye kisima hicho.
Nimekuja nayo."
Akaitoa mkobani, kamba ya katani, kavu hadi ncha,
akaiweka mezani kama nyoka aliyekwisha pigwa.
"Siungi mkono hoja."

Nilingoja, vidole juu ya herufi.
Upande wake, hakuna kitu.
Upande wa pili nao kimya, wakidhani ni mtego.
Kiyoyozi tu kilikuwa kinaendelea na mchango wake.
Mwongozo wetu hauna neno la jambo lile.
Nikachapa (Kimya).
Mhariri akafuta. "Bwana Mlahagwa,
sisi tunaandika kilichotokea."

Ikaja barua ya karipio, ikaja ya kuitwa kamati ya maadili.
Ya tatu hakuingoja. Kadi aliipeleka mwenyewe
ofisi ya wilaya, akaomba risiti.
Katibu akacheka: nani hupewa risiti kwa kuondoka?
"Kuingia mlinipa," akasema.
Na sheria ni sheria: kadi ikitoka, kiti hutoka nayo.

Uchaguzi mdogo aligombea kwa chama
chenye ofisi nyuma ya mashine ya kusaga.
Kura mia nne na sita jimbo zima.
Chinyika yenyewe, thelathini na moja.
Wiki moja kabla walikuwa wameletewa pampu,
na fundi, na mipira ya kutosha kwenda chini zaidi.
Maji yalitoka.
Yana chumvi, lakini yalitoka.

Nilimkuta soko la Majengo akipima zabibu.
Hakunitambua; sisi hatuna sura mle ndani.
Nikajitaja. Akakaa na kilo yangu mkononi.
"Siku ile ya kamba," akauliza, "mwishoni mliandika nini?"

Nikamwambia kama ilivyo kitabuni:
(Hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa Mzungumzaji)

Akatafuta kishada kingine, akakipuliza vumbi,
akakiongeza juu ya mizani iliyokwisha lala.
"Haikulia," akasema.
"Nilikuwa na dakika nne."